Kiapo cha Mama Alhamisi

Dada yangu ni dobi, na mimi ni mpiga pasi wake. Wateja wanamwita Mama Alhamisi, na jina hilo hakujipa mwenyewe. Katika kazi yetu neno linalotulisha ni "kesho". Shati likiwa bado limelowekwa, mwenye shati anaambiwa kesho. Likiungua kola, kesho. Likiwa limeazimwa na mpiga pasi kwenda nalo harusini, kesho vilevile, na msiniulize nimejuaje. Dada yangu hasemi kesho. Ukimletea nguo anaigeuza, anakagua makwapa na mikunjo ya mikono, anachungulia mawingu dirishani, halafu anakuambia, "Alhamisi." Na ukija Alhamisi nguo yako ipo kwenye hanga, na kifungo kilichokuwa kinaning'inia kimeshonwa bila wewe kuomba.

Duka letu liko ukingoni mwa soko, chumba kimoja cha matofali chenye ukuta mweupe upande wa nje na ua mdogo nyuma wa kuanikia. Alilirithi kwa mumewe. Shemeji alipofariki alimwachia mabeseni mawili makubwa, pasi ya mkaa yenye mpini uliolegea, na mimi, niliyekuwa nimekuja kuwasalimia kwa wiki moja. Watoto hakujaaliwa. Ndugu walimtaka afunge duka arudi nyumbani, akawajibu kwamba ana mashuka ya watu kwenye kamba. Miaka imepita, pasi sasa ni ya umeme na inatoa mvuke, na mashuka ya watu bado yako kwenye kamba. Mikono yake imepauka kwa sabuni hadi kwenye viwiko, na mgongo unamlazimisha kuinuka kwa awamu: kwanza magoti, halafu kiuno, halafu lawama kwangu.

Nayasema haya ili ijulikane alikuwa mtu wa namna gani kabla hajawa mheshimiwa.

Uheshimiwa ulimfuata palepale sokoni. Baraza la mji lilitaka kulibomoa soko letu na kuweka maegesho ya magari. Diwani wetu wa wakati ule, mtu wa suti nyingi na tabasamu moja, alikuwa akituambia kila mara kwamba jambo hilo linashughulikiwa. Watu wakachoka kushughulikiwa. Uchaguzi ulipokaribia walikuja dukani wakiongozwa na Mama Vitunguu, muuza vitunguu mkongwe kuliko wote pale, ambaye hata askari wa baraza humwamkia kabla ya kumfukuza. "Mwanangu," alimwambia dada, "sisi tunataka mtu ambaye akisema kitu, kinakuwa. Mtu huyo ni wewe."

Siku ya mkutano wa kampeni dada alipanda juu ya kreti la soda, akasema machache kuhusu soko, na alikuwa karibu kushuka pale mtu mmoja alipouliza kwa kelele kama naye akishafika barazani atawasahau. Hapo ndipo alipolitamka. "Wale wengine wakifika kule wanamwapia Mfalme," alisema. "Mimi nitawaapia ninyi. Siwezi kumwapia mtu ambaye hakuna hata mmoja wenu aliyempigia kura." Watu walicheka, wakapiga makofi, mmoja akarusha kofia. Mimi peke yangu sikupiga makofi. Wao walidhani anatania, na mimi namjua.

Mimi nampenda Mfalme wetu, nisifiche. Ni mzee mpole ambaye hajawahi kumkosea mtu. Hatungi sheria, hapangi kodi, hafukuzi waziri. Kazi hizo zote zinafanywa na tuliowachagua, na wanazifanya vibaya bila msaada wake. Yeye hukata utepe na kupeana mikono. Nikimtazama kwenye picha naona babu ambaye angekaa vizuri kwenye kiti cha mteja na kusubiri zamu yake bila kelele.

Dada hana ugomvi na babu huyo. Ugomvi wake ni wa mashuka. Mwaka ambao Mfalme alipita mjini kwetu, baraza lilikodi mashuka yote dukani likayatundika kando ya barabara ili soko lisionekane. Wauzaji waliwekwa nyuma yake wakaambiwa watulie. Gari lilipita polepole, kioo kikashuka, mkono ukatoka ukayapungia mashuka. Dada alikuwa upande wa ndani, ameishikilia ncha ya shuka moja lililokuwa linapeperuka. Mimi nilimtetea Mfalme, nikasema yeye alionyeshwa mashuka, angejuaje? "Ndiyo," dada alisema. "Sisi tukipiga kura tunaonekana. Yeye akipita tunafichwa. Mkubwa ni nani hapo?" Nikamwambia hiyo ni siasa, tuna nguo za kupiga pasi.

Basi alishinda, na kwa kura nyingi. Siku chache kabla ya kuapishwa, karani wa baraza alikuja kuchukua mashati yake. Ni mteja wetu wa zamani, mtu mwembamba anayezungumza kana kwamba kuna mgonjwa amelala chumba cha pili. Siku hiyo hakuondoka. Aliomba kiti.

"Mama, nimesikia ulilosema sokoni," alisema. "Nimekuja kama mteja, sikuja kama karani."

"Mteja karibu," dada alimjibu. "Na karani anasemaje?"

"Karani anasema asiyeapa siku ya kwanza, kiti chake kinahesabiwa kitupu. Uchaguzi mwingine ni baada ya miezi. Na kura ya soko inapigwa kikao hichohicho, kiapo kikiisha tu. Wanaotaka maegesho na wanaotaka soko wamelingana, mama. Aliyebaki ni wewe."

Niliiweka pasi pembeni isije ikaunguza kitu.

"Kwa hiyo watu wote wale wamenichagua," dada alisema taratibu, "na siwezi kukaa kwenye kiti chao mpaka nimwapie mmoja ambaye hawakumchagua."

"Ndivyo ilivyo."

"Na hiyo tunaiita demokrasia."

"Tunaiita hivyo, na inakwenda. Watu wanachagua, wakubwa wanabadilika, hakuna damu inayomwagika. Mfalme hajawahi kukataa hata uamuzi mmoja wa tuliowachagua."

"Kama hajawahi kukataa, anaapiwa kwa nini?"

Karani alijikuna shingo. Alikuwa na ujanja wake. Alitazama mlangoni kwanza. "Kuna kikohozi," alisema.

Akatueleza. Tangu kabla yeye hajaajiriwa, madiwani wasiomkubali Mfalme wamekuwa wakikohoa wanapofika kwenye jina lake. Karani anatazama dari. Kiapo kinahesabika kimeapwa, na diwani anarudi nyumbani na dhamiri yake safi. Kila mtu barazani anajua na hakuna anayesema. Alitusimulia hata juu ya diwani mmoja wa zamani aliyeheshimiwa kuliko wapinzani wote wa Mfalme kwa jinsi alivyokohoa kwa ujasiri, mpaka alipofariki ndipo mkewe akaeleza kwamba marehemu alikuwa na pumu. Mimi nilicheka hadi nikakaa chini. Dada hakucheka.

"Nianze kazi ya watu kwa kukohoa," alisema.

"Uianze kazi ya watu, mama," karani alimjibu. "Hilo ndilo la maana." Akabeba mashati yake akaenda.

Kesho yake asubuhi tulikuwa uani tunakamua mashuka ya hoteli, yeye ncha ile na mimi ncha hii. Nikaona nimsaidie kwa busara zangu.

"Dada, sema hayo maneno yaishe. Walikuwa wanacheka siku ile."

"Mimi sikuwa nacheka."

"Tazama wenzetu hapo ng'ambo ya mpaka. Hawana mfalme. Walichagua rais mara moja, na mpaka leo wanasubiri aondoke. Sisi angalau kile kiti cha juu kabisa kimeshakaliwa na mtu asiye na makucha. Hakuna mwanasiasa wa kukitolea macho."

Alilizungusha shuka mpaka maji yakaacha kutiririka. "Hoja yako si mbaya," alisema, na hapo nikaogopa, kwa sababu hoja zangu huwa anazijibu kwa matusi. "Lakini unachosema ni kwamba sisi hatuaminiki. Kwamba tukiachiwa nyumba tutampa mwizi ufunguo, kwa hiyo afadhali ukae kwa mzee mmoja aliyezaliwa nao. Labda ni kweli. Ila kama ni kweli, tusidanganyane kwamba nyumba ni yetu."

"Na Mama Vitunguu?"

Hapo alikaa kwenye ukingo wa beseni, maji yakamlowesha nyuma na hakujali. "Naogopa," aliniambia. Neno hilo nilikuwa sijawahi kulisikia kinywani mwake, hata siku ya msiba wa shemeji. "Yule mama hana pengine pa kwenda. Nikimwapia Mfalme nimewadanganya watu. Nisipomwapia nimewavunjia soko. Wewe unayewajua wafalme, nifanye lipi?"

Nilimwambia akohoe.

Siku ya kiapo nilimpigia pasi gauni lake la bluu, nikalitia wanga kidogo kwenye kola, tukaenda. Ukumbi wa baraza una mabenchi ya madiwani yenye mito iliyochanika, na mbele kabisa kuna kiti kikubwa cha mbao chekundu kilichozungushiwa kamba. Ni kiti cha Mfalme. Hajawahi kukikalia wala hatakikalia, lakini kila wiki kinapakwa dawa ya kung'arisha. Watu wa soko tulijaa nyuma, Mama Vitunguu akiwa mbele yetu.

Mlangoni karani alimnong'oneza dada kwamba mambo si mazuri. Kiongozi wa kundi la maegesho, ambaye sisi sokoni tulimpachika jina la Bwana Maegesho, alikuwa ametangaza kwamba leo hatakubali kikohozi. Jina la Mfalme lisiposikika, atasimama kupinga. "Kohoa kidogo tu," karani alisema, "pale kwenye warithi." Dada aliitikia kwa kichwa.

Akaitwa. Akapewa kadi yenye maneno ya kiapo: kwamba atakuwa mtiifu wa kweli kwa Mfalme na warithi wake, na atawatumikia watu wa mji huu bila upendeleo. Bwana Maegesho alijisogeza mbele akategesha sikio.

Aliyewahi kujaribu kukohoa kwa makusudi anajua koo lilivyo na kiburi. Dada alianza vizuri. Alipofika kwenye Mfalme niliona kifua kikijaribu, akafungua mdomo, na kilichotoka kikawa "Mfalme", wazi kabisa, kwa sauti ileile anayomwitia mteja aliyesahau chenji. "Na warithi wake" ikafuata nyuma, nayo safi. Bwana Maegesho akaegemea kiti, amekatishwa tamaa. Na hapo, dada alipovuta pumzi kuendelea, kikohozi alichokuwa anakitafuta kikaja. Kilikuwa cha kweli, cha miaka ya mvuke na sabuni. Alikohoa mpaka akashika meza. Kilipoisha, alikuwa amefika kwenye "bila upendeleo".

Bwana Maegesho alikuwa ameshasimama. "Kiapo hakijakamilika," alisema. "Watu wa mji huu hawajasikika."

"Ni kweli," dada alisema haraka, na uso wake ukapata nuru kidogo. "Naomba nirudie hapo. Hapo kwenye watu."

Karani alifungua kitabu cha sheria. Alisoma kimoyomoyo kwa muda, akarudi ukurasa wa nyuma, akasoma tena, na alipoinua kichwa alikuwa na aibu ya mtu aliyetumwa kuleta habari mbaya. "Sheria inadai jambo moja," alisema. "Utii kwa Mfalme na warithi wake. Hayo ya watu yaliongezwa na baraza baadaye, kwa kupendezesha. Kiapo ni halali."

"Lakini nataka kuyasema," dada alisema.

"Haina haja, mama."

"Nikiyasema yataharibu nini?"

"Ukirudia utakuwa umekubali kwamba cha kwanza kilikuwa batili, na tutabishana mpaka kikao kiishe bila kura." Karani alishusha sauti hadi ikawa karibu haipo. "Keti. Nakuomba."

Dada alikitazama kile kiti chekundu, akatutazama sisi nyuma, akaketi. Moyo uliniuma kumwona. Mfalme ambaye alikataa kumwapia, alimwapia barabara, na watu aliotaka kuwaapia walimezwa na kikohozi, na sheria ilipotazama haikuona kama kuna kitu kimepungua.

Kura ikapigwa. Mkono wake ulipanda, soko likapona kwa mkono huo mmoja. Nyuma tulipiga vigelegele mpaka tukatishiwa kutolewa nje. Mama Vitunguu alimkumbatia dada mlangoni akamwagia machozi kwenye ile kola niliyoitia wanga. Njiani kurudi nilijaribu utani, nikamwambia ameapa vizuri kuliko sisi tunaompenda Mfalme. Hakunitukana. Alitembea akitazama viatu vyake, na tulipofika alivua gauni akavaa kanga ya kazi na kuloweka nguo ambazo hazikuwa za siku hiyo.

Wiki iliyofuata tarishi wa baraza alikuja sokoni na tangazo lenye nembo, na picha kubwa ya Mfalme ndani ya fremu ya kioo, zawadi kwa soko. Watu walikusanyika nje ya duka letu. Mama Vitunguu haoni tena maandishi madogo, akampa dada tangazo. "Tusomee, mheshimiwa wetu," alisema, na watu wakamtania kwa kuinama.

Dada akasoma kwa sauti. "Kwa jina la Mfalme, na kwa hisani yake kwa watu wake wapendwa, soko hili linaruhusiwa kuendelea kuwepo mahali pake." Aligeuza karatasi kuona kama kuna kitu nyuma. Hakukuwa na neno kura, wala diwani, wala baraza. Baadaye karani alitueleza kwamba matangazo yote huandikwa hivyo, hata la siku za kuzoa takataka, na kwamba Mfalme mwenyewe huenda hajui kama tuna soko.

Lakini pale sokoni karani hakuwepo. Watu walishangilia, wakaimba Mfalme adumu, na vijana wa mitumba wakarusha nguo juu. Mama Vitunguu alikaa kwenye gunia lake akafuta macho kwa kiganja. "Kumbe alikuwa anatuona," alisema. "Miaka yote hii nakaa hapa kwenye jua, kumbe alikuwa anatuona."

Sikuweza kuvumilia. "Mama, aliyewaokoa ni huyu hapa," nilisema. "Ni mkono wa huyu, tuliuona wote, Mfalme hata..." Dada alinifinya mkono kwa vidole vyake vya kukamulia.

"Najua alipiga kura, mwanangu, na Mungu ambariki," Mama Vitunguu alisema bila kukasirika. "Ila nilimwogopea siku zile, na maneno yake ya kutomwapia mkubwa." Akainuka, akamshika dada shavu kama anavyoshikwa mtoto aliyeponea chupuchupu kugongwa na gari. "Ungekataa kumwapia, ungetuponza."

"Ni kweli, mama," dada alisema. "Ningewaponza."

Hapakuwa na uongo wowote katika jibu hilo, na ndiyo maana lilinichoma. Nilisubiri aongeze kitu. Alikuwa na haki ya kuongeza. Aliwatazama watu walivyofurahi, mabanda yao yamesimama nyuma yao, na hakuongeza.

Ikabaki picha. Mabanda yote ni ya mbao na mabati, na ukuta wa maana pale sokoni ni wetu, ule mweupe wa nje. Wakamwomba dada. Alipangusa kioo kwa upindo wa kanga yake, polepole, pembe zote, jinsi anavyofanya kwa mali ya mteja. Kisha akaninyooshea mkono bila kunitazama.

"Mdogo wangu, niletee nyundo."

Mpenda Mfalme pale dukani ni mimi, na soko zima linajua. Nyundo ilikuwa chini ya meza ya pasi. Niliisogeza asubuhi ileile nilipokuwa nafagia. Nikamwambia sijui iko wapi, naye akaenda kuazima kwa jirani.